Wiki Mbili za Majimaji na Vitamini za Maisha: Daktari Anajibu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi ujao nitafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Nimeagizwa kutumia vyakula vya majimaji tu kwa wiki mbili kabla yake, nami sioni maana ya kujinyima ilhali mfuko wenyewe unakwenda kukatwa. Isitoshe, dada yangu aliyefanyiwa upasuaji huo miaka mitatu iliyopita aliacha vidonge vya vitamini zamani, na anasema hana tatizo lolote. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Wiki hizo mbili zinalenga ini lako kuliko kilo zako. Kwa watu wengi wenye uzito mkubwa, ini huwa limejaa mafuta na kutanuka, na upande wake wa kushoto huufunika mfuko wa chakula, yaani pale pale ambapo daktari atapitisha vifaa vyake kupitia matundu madogo ya tumboni. Mlo ulioagizwa hulisinyaza, likainuliwa kwa urahisi bila kujeruhiwa. Ndiyo maana karamu ya kukiaga chakula, ambayo wengi hujiandalia siku za mwisho, ni zawadi mbaya kwa daktari wako. Ikiwa unatumia insulini au dawa nyingine za kisukari, usianze mlo huo kabla dozi haijapangwa upya, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla. Kama unavuta sigara, acha sasa.

Baada ya upasuaji utabaki na takriban robo ya mfuko au pungufu, na utapanda polepole kutoka majimaji hadi vyakula vilivyopondwa, kisha vilivyo laini, na hatimaye vya kawaida, kwa kipindi cha wiki kadhaa. Hapo ndipo ufundi wa kula unapojifunzwa upya: unaweka mdomoni kipande kidogo cha samaki, unakitafuna hadi kilainike kabisa, unaweka uma chini, unasubiri, na unaposikia kifua kinabana unaacha, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Anza na protini, ambayo kwa kawaida hulengwa isipungue gramu 60 kwa siku. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula, kisha uyanywe kidogo kidogo mchana kutwa.

Sasa nije kwa dada yako, ambaye, niseme wazi, ananitia wasiwasi kuliko wewe. Mfuko wa chakula hutengeneza asidi na protini maalumu ambazo mwili huzihitaji ili kufyonza vitamini B12 kutoka kwenye chakula, na sehemu kubwa ya uwezo huo iliondolewa. Ini huwa na akiba ya vitamini hiyo inayoweza kutosha kwa miaka, kwa hiyo mtu huendelea kujiona mzima huku akiba ikiisha. Ganzi ya miguu inapoanza, mishipa ya fahamu huenda imekwisha kuathirika, na si kila mara hupona kabisa. Mwambie apime damu: B12, madini ya chuma, vitamini D na kalisi. Kinyume chake, akiba ya vitamini B1 ni ya wiki chache tu. Ukitapika mfululizo kwa siku mbili au tatu, nenda hospitali bila kusubiri. Vidonge vya kalisi na vya madini ya chuma vipishanishwe kwa saa mbili au zaidi, kwani vikimezwa pamoja huzuiana.

SWALI (msomaji mwingine): Ni mwezi wa nne tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, na nywele zinatoka kwa mafungu. Je, zitarudi? Na ninaweza kushika mimba sasa?

JIBU: Kwa kawaida zitarudi baada ya miezi kadhaa, kwa sababu mshtuko wa upasuaji na kupungua uzito kwa kasi huziingiza nywele nyingi katika mapumziko kwa pamoja. Hata hivyo, hakikisha protini na madini ya chuma vinatosha. Kuhusu mimba, inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Tumia uzazi wa mpango kuanzia sasa, kwani uzito unapopungua uwezo wa kushika mimba huweza kurudi haraka kuliko unavyotarajia. Na kama utumbo wako pia uliunganishwa upya, zungumza na daktari kuhusu njia isiyo ya kumeza, kwa maana vidonge huenda visifyonzwe vya kutosha.