Kuzizoea nobu za toni kwenye amplifaya ya vali

Kama ndiyo kwanza unaanza kupigia gitaa kwenye amplifaya za vali (mirija ya kioo inayokuza sauti), zile zinazoundwa kwa mkono katika karakana ndogo, usizichukulie nobu zake kama ikwalaiza ya redio. Namba 5 hapo si katikati ya kitu chochote.

Chukua amplifaya iliyofuata saketi ya kampuni ya Fender ya miaka ya 1960, yenye nobu za trebo (sauti za juu), midi (za kati) na besi (za chini). Shusha zote tatu hadi sifuri, kisha piga nyuzi: hutasikia karibu chochote. Saketi ile ya toni ni rezista na kapasita tu, haiongezi, inapunguza. Sasa ziache besi na trebo kwenye sifuri, pandisha midi hadi mwisho. Sauti itakuwa hafifu, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na gitaa lako lilivyo kabla ya kuchongwa. Irudie mpaka sikio liizoee. Baada ya hapo panda na trebo polepole, na utasikia bonde, yaani sehemu iliyopungua, kwenye sauti za kati likijitokeza na kuhama, ingawa nobu ya midi hujaigusa. Nobu hizi zinavutana. Ukisogeza moja, rudi ukasikilize nyingine.

Bonde lenyewe linategemea mtengenezaji alifuata ukoo gani. Rezista moja ikitoka kilo-omu 100 za Fender hadi 33 za Marshall, kampuni nyingine ya amplifaya, na kapasita zake zikibadilika, bonde linapungua kina na kusogea kuelekea sauti za juu. Ndiyo maana Marshall inapenya katikati ya bendi, na Fender inang'aa ikipigwa peke yake.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni mahali saketi ya toni ilipokaa. Katika amplifaya ya Overdrive Special ya Dumble, toni inakuja mapema, kabla ya hatua zinazokwaruza sauti. Besi unayoongeza hapo inaingia kwenye mkwaruzo wenyewe, na ikizidi, nyuzi nene zinavurugika na noti hazitengani. Punguza besi kuliko unavyodhani inafaa. Uzito utaupata kwenye spika. Katika Marshall za zamani toni inakaa baada ya hatua za mwanzo za kukuza sauti, kwa hiyo besi unaweza kuipa nafasi zaidi. Kabla hujalaumu pikapu au spika, uliza toni iko wapi.

Amplifaya zilizofuata Vox AC30 zina nobu ya Cut, na hii huwachanganya wengi: kwa kawaida ukiipandisha, ukali unapungua. Nobu ya Presence nayo haimo kwenye saketi ya toni kabisa. Inafanya kazi kwenye mrejesho (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma) wa hatua ya mwisho ya kukuza sauti, ndiyo maana inabadilisha hata jinsi noti inavyokujibu vidoleni. Swichi ya Bright, inayoongeza ung'avu, ina nguvu volyumu ikiwa chini, na volyumu ikifika mwisho haisikiki tena.

Kwa hiyo panga volyumu kwanza, kwa kiwango utakachopigia kweli, kisha trebo, midi, na besi mwisho. Na ukitamani kubadilisha rezista mwenyewe, mpe fundi anayezijua vali: kapasita za ndani zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.