Mshipa ulioungwa baada ya jeraha la vita unadumu miaka mingapi? Mimi ninao mguuni tangu 2013

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika. Kaka yako alijeruhiwa nyuma ya goti akiwa kazini miaka 6 iliyopita, ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) ikakatika, wakaiunga kwa mshipa waliotoa mguu wa pili. Sasa unataka kujua una uhai wa miaka mingapi, na kama anaweza kurudi kucheza mpira. Halafu kuna mchangiaji hapo juu kakwambia ukifika miaka 10 unapasuka wenyewe usiku. Wangu una miaka 12. Leo asubuhi nimekwenda nao sokoni na nimerudi nao.

Mimi si daktari, nilikuwa askari wa miguu. Ninachoandika nimekipitia mwenyewe, na mengine nimeyachimba kwa madaktari kwa maswali mengi hadi wengine wakawa wanachoka wakiniona kwenye foleni.

Nilikuwa kwenye FIB, kikosi cha mapigano cha Umoja wa Mataifa huko Kivu Kaskazini, Kongo, mwaka 2013, wakati wa kupambana na waasi wa M23. Kipande cha bomu la mota kiliingia kwa nyuma, juu kidogo ya mkunjo wa goti la kulia. Ninachokumbuka si maumivu, ni buti kujaa kitu cha uvuguvugu. Mwenzangu akanikaza tonikweti, mkanda wa kuzuia damu, pajani, nikamtukana tusi ambalo mods hawatalipitisha hapa. Mpaka leo akinipigia simu anaanza na lile tusi badala ya salamu. Mawingu yaliizuia helikopta, kwa hiyo hadi nafika kwenye meza ya upasuaji Goma zilishapita kama saa tano. Saa sita ndizo wanazohesabu madaktari: misuli ikikaa bila damu zaidi ya hapo, uwezekano wa kupoteza mguu unapanda sana.

Madaktari wa Kihindi wa pale Goma walitoa vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ndefu ya mguu wa kushoto, ile inayopanda upande wa ndani kutoka kifundo hadi kinena. Kwa nini si ya mguu ule ule? Kwa sababu mguu uliojeruhiwa unaweza kuwa umeharibika vena zake za ndani, basi hiyo ya juu ndiyo inayobaki kurudisha damu. Ukiichukua nayo, mguu unavimba kama mtungi. Na kabla ya kuishona waliigeuza, juu ikawa chini, maana vena ina vali zinazoruhusu damu upande mmoja tu. Nilipoelezwa hilo nilicheka. Ni kama fundi bomba anavyogeuza koki iliyofungwa kinyume. Kisha wakanipasua ugoko pande mbili na kuacha wazi ili misuli iliyovimba isijibane yenyewe hadi ife. Makovu hayo mawili ndiyo watu wanayoyashangaa nikivaa kaptula, wakati kazi yenyewe ilifanyika nyuma ya goti ambako kuna mstari mmoja tu mwembamba.

Kwa nini hawakuweka bomba la plastiki? Jeraha la vita ni chafu. Kipande cha chuma huingia na udongo, majani na nyuzi za suruali. Plastiki ikipata wadudu haiponi, inabidi itolewe. Mshipa wako mwenyewe ni nyama hai, unavumilia zaidi. Kwa hiyo kwamba kaka yako aliwekewa vena yake mwenyewe ni habari njema kuliko unavyodhani.

Hofu ya watu wengi humu imetoka mbali. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na alikuwa akisema mshipa mkubwa ukikatika, mguu umekwenda. Kwa wakati wake hakukosea. Mwaka 1946 DeBakey na Simeone, madaktari wa Marekani, walichapisha hesabu za majeruhi 2,471 wa ateri katika vita ile. Wengi wao mishipa yao ilifungwa tu kuzuia damu, na karibu nusu ya hao walikatwa kiungo. Walioshonwa mshipa walikuwa 81 peke yao. Vita vya Korea vikaja, madaktari wakaanza kuunga kwa bidii, waliokatwa wakashuka hadi kama 13 kwa mia. Vietnam ikawa hivyo hivyo: Norman Rich, daktari wa hospitali ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, alianzisha daftari la majeruhi wa mishipa mwaka 1966, na mwaka 1970 akatoa hesabu za ateri 1,000, waliokatwa wakiwa kama 13 kwa mia. Lakini angalia hapa: kwa ateri ya nyuma ya goti peke yake ilikuwa karibu 30 kwa mia. Goti ndilo baya kuliko mapaja na mikono. Kaka yako na mimi tumepita kwenye tundu jembamba, na tulipita siku zile za mwanzo.

Sasa kudumu kwenyewe. Nilivyoelezwa, na nilivyokuja kukiona mwilini mwangu, mshipa wa kupandikiza hauna tarehe ya kwisha kama dawa ya dukani. Una vipindi vya hatari. Cha kwanza ni siku na wiki za mwanzo: damu kuganda, mshono mbaya, wadudu. Ukivuka hapo, kuna kipindi cha hadi miaka miwili hivi ambacho vena, kwa kuwa haikuzoea presha ya ateri, inanenepa ukuta wa ndani na njia inakuwa nyembamba. Baada ya hapo hutulia miaka mingi. Sisi tuna bahati moja ambayo mzee wa kisukari hana: tulipojeruhiwa tulikuwa vijana, mishipa ya juu na chini ya kiraka ilikuwa safi, damu ina pa kwenda.

Mimi kipindi cha pili nusura kinimalize, tena kwa uzembe, wa kwangu na wa hospitali moja nisiyoitaja. Niliambiwa nirudi kupimwa mwezi wa 3, wa 6, wa 12. Mwezi wa 3 nilikwenda. Mwezi wa 6 faili langu halikuonekana, nikaambiwa "si unatembea vizuri? Nenda nyumbani." Nikafurahi, nikaenda. Karibu mwaka unaisha, nilianza kubanwa shavu la mguu kila nikifika kwenye mwembe ule ule njiani kwenda kituoni. Nikisimama dakika mbili unaachia, nikiendelea unabana tena. Nikajiambia ni misuli iliyopasuliwa. Aliyenishtua ni binti wa altrasaundi katika hospitali nyingine, niliyeenda kwake kwa jambo jingine kabisa. Aliweka kifaa nyuma ya goti, akanyamaza, akaenda kumwita mkubwa wake. Njia ilibaki ndogo sana karibu na mshono wa chini. Wakanipanua kwa puto kupitia kinena. Daktari akaniambia ungeziba kabisa, kuufungua ingekuwa kazi ya kubahatisha.

Ndiyo maana nakusisitizia dada: usimuulize kaka yako kama mguu unauma. Mpeleke apimwe. Kuna kipimo hakina gharama kubwa: wanapima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, ya kifundo wanaigawa kwa ya mkono. Kwa kawaida inakuja karibu 1 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 0.9, au imeshuka ukilinganisha na mara iliyopita, wanaangalia kwa altrasaundi. Mimi nafanya kila mwaka, naandika namba kwenye daftari la duka.

Kuhusu kupasuka: vena inaweza kutanuka taratibu baada ya miaka mingi, ni kweli, lakini huonekana kwenye altrasaundi mapema na inatengenezeka. Kinachonitisha mimi zaidi ni majeraha ambayo hayakuungwa kwa sababu hayakuonekana. Mwenzetu mmoja alipata kitobo kidogo cha chuma pajani, kikafungwa bandeji, akarudi kazini. Miaka kama minne baadaye pakatokea uvimbe. Nyumbani wakasema jipu limeiva, mtu akanoa wembe. Mama yake akaweka kiganja juu yake, akasema jipu gani hili linadunda? Yule mama aliokoa maisha, maana ilikuwa ateri iliyotoboka na kujijengea kifuko. Wangekata pale angeisha damu sebuleni. Uvimbe unaodunda, au unaotetema mkononi kama paka anayekoroma, haukatwi nyumbani.

Na nikuambie ambalo hukuuliza. Kwenye mguu wangu, huo mshipa ulioungwa ndio unaofanya kazi vizuri kuliko vyote. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ndiyo iliyonishinda. Unyayo ulilegea, nikitembea vidole vinakwaruza chini, navaa kipande cha plastiki ndani ya kiatu kuunyanyua. Kidole gumba hakina hisia; niliwahi kukanyaga msumari nikajua jioni nilipovua soksi. Wenzangu wawili waliomba wenyewe kukatwa miguu iliyokuwa na damu ya kutosha, kwa sababu ya maumivu ya neva na mfupa usiounga. Mshipa uko wazi, mguu hautumiki. Kwa hiyo kama kaka yako anakwambia anawaka moto usiku, usikimbilie kudhani kiraka kimeziba.

Ila mguu ukiwa baridi ghafla, umepauka, una ganzi na maumivu ambayo hakuwa nayo jana, hapo ni hospitali kubwa saa ile ile, si kesho.

Mengine ni madogo. Aspirini ndogo kila siku kama daktari alivyoandika. Sigara aache, mimi niliacha siku ya puto. Safari ndefu ya basi ashuke anyooshe goti, kulikunja saa nyingi hakufai kwa mshipa unaopita pale. Karatasi ya upasuaji aipige picha aitunze, na akiumwa moyo uzeeni awaambie vena ya mguu wa pili ilishatumika, maana ndiyo hiyo hiyo wanayoitafuta kuunga mishipa ya moyo.

Mpira? Mimi nilicheza bonanza la mtaani mwaka jana, dakika 20, golikipa. Tulifungwa 4, na mguu haukuhusika na hata moja.