Moshi wa saa kumi na mbili jioni

Kwa miaka minne nilichoma taka nyuma ya ploti yetu hapa Kasarani, Nairobi, kila Jumamosi jioni. Gari la taka lilikuwa likipotea hata wiki mbili, magunia yanajaa, nzi wanahamia jikoni. Nilingoja jua litue kwanza, nguo za majirani zianuliwe kwenye kamba, ndipo niwashe. Niliamini huo ndio ustaarabu. Kumbe saa niliyoichagua ndiyo mbaya kuliko zote.

Julai moja, mama wa ghorofa ya pili alishuka kunigongea saa tatu usiku, mtoto mgongoni. "Pole kwa kukusumbua, dada. Ule moto wako umezima?" Nikamwambia umezima kitambo. Akageuka ili nimsikie mtoto. Kila pumzi ilikuwa na mluzi, na ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa inabonyea ndani kila alipovuta hewa. Ukiona mbavu za mtoto zinafanya hivyo, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huohuo. Sisi tulikimbia naye, akawekewa dawa ya kuvuta kwa barakoa, na alfajiri akarudi nyumbani.

Tulipokuwa tunatoka, nilimulika nyuma kwa simu. Moto haukuwa umezima. Juu kulikuwa na jivu jeupe, lakini chini maganda ya ndizi, majani ya sukuma na nepi zilizolowa zilikuwa zinaungua polepole bila mwali. Moshi wake haukupanda. Ulitambaa kimo cha goti, ukafuata ukuta, ukaingia kwenye ngazi.

Sababu yake inaeleweka ukiijua hali ya hewa ya mji huu. Mwezi wa Juni hadi Agosti Nairobi ina baridi na mawingu. Jioni ambazo mawingu yamepungua ardhi inapoa haraka, hewa iliyo karibu nayo inapoa pia, na juu yake inabaki hewa yenye joto zaidi. Hiyo ya juu inakuwa kama kifuniko cha sufuria. Upepo nao umetulia. Moshi wowote utakaouwasha saa hiyo utalala na nyinyi mpaka jua la asubuhi liipashe ardhi moto, na kwa mwezi wa Julai jua lenyewe linaweza kuchelewa mpaka saa tano. Ndiyo maana ukipita Mwiki au Kariobangi alfajiri unausikia moshi kooni kabla hujauona. Wenzetu wanaokaa karibu na jaa la Dandora, jaa ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, wanaishi hivyo miaka nenda miaka rudi.

Januari na Februari mambo yanageuka. Kumekauka, nyasi zimekuwa kama karatasi, na mchana upepo unavuma kwa vishindo. Moshi unapaa vizuri, lakini cheche nazo zinapaa. Nimeshuhudia cheche moja kutoka rundo dogo la majani ikiruka ukuta na kutua kwenye kiwanja kitupu cha jirani. Maji ya mfereji yalikuwa ya zamu na siku ile haikuwa yetu. Tulipiga moto ule kwa matawi mabichi na magunia tuliyoyalowesha kwa maji ya kufulia, watu kumi na zaidi, na ulikoma hatua chache tu kutoka kwenye vibanda vya mabati. Katikati ya rundo mkebe wa dawa ya mbu ulipasuka kwa kishindo ambacho watoto walidhani ni bunduki.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni saa gani nzuri ya kuchoma taka mjini, jibu langu ni kwamba haipo. Sheria inasema hivyohivyo. Kanuni za Ubora wa Hewa zinakataza kuteketeza taka za nyumbani, plastiki na matairi mahali pa wazi, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina uwezo wa kukushtaki. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 nayo inataka kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza.

Hapo kwenye kutenga ndipo palipotuokoa, wala hatukusukumwa na sheria. Siku moja nilimwaga gunia zima kwenye sakafu ya saruji na kulichambua kwa mikono. Zaidi ya nusu ilikuwa maganda, mabaki ya ugali na majani ya mboga. Hivyo ndivyo vinavyonuka, vinavyoleta nzi, na kwa kuwa vimelowa, ndivyo vinavyotoa moshi mzito. Ukiviondoa, gunia lililobaki linaweza kukaa wiki mbili bila kunuka hata gari likichelewa. Hakuna tena sababu ya kuwasha kiberiti.

Sasa kila nyumba ina ndoo ndogo yenye kifuniko. Inamwagwa kila siku kwenye pipa la mboji tulilolitoboa matundu ubavuni, na juu yake tunatupia majani makavu au maranda kutoka kwa fundi seremala. Ukilisahau hilo la majani makavu litanuka, na majirani watakukumbusha. Chupa za plastiki tunazipima na kuwauzia wanaookota vyuma chakavu. Nepi bado zinatusumbua, nazo tunazifunga peke yake na kuzisubirisha gari. Plastiki usiiguse na moto kabisa, hata kipande cha kuwashia jiko. Baadhi yake, hasa ile ya mabomba na soli za viatu, ikiungua inatoa daioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka.

Siku ambazo moshi unatoka kwa wengine, funga madirisha ya upande unakotoka na uyafungue mchana hewa ikichanganyika. Ukikimbia mazoezi alfajiri mwezi wa Julai, sogeza mpaka saa nne. Barakoa ya kitambaa haizuii vizuri chembe za moshi, kwa sababu chembe hizo ni ndogo mara thelathini hivi au zaidi kuliko unene wa unywele. Unahitaji ile ya N95, iliyotengenezwa kuchuja chembe ndogo. Wanaofuatilia hewa kwa simu waangalie kipimo kiitwacho PM2.5, yaani uzito wa chembe hizo ndogo katika mikrogramu kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi 15. Na tafadhali, hata baridi hiyo ikizidi, jiko la makaa lisilale ndani ya chumba na watu.

Jirani anayechoma usimwendee moto ukiwa umewaka. Mtagombana, na kesho atawasha usiku wa manane. Mimi huenda Jumapili asubuhi, namsalimia, namuuliza gari la taka lilipita kwake lini mara ya mwisho. Mara nyingi ana hasira nalo kuliko mimi. Ninabeba ndoo yenye kifuniko na debe la maranda, na tunalichambua gunia lake pamoja palepale mlangoni.