Unyumba baada ya kuondolewa tezi dume: tulivyovuka mimi na mke wangu

Wanaume wanaonipigia simu wakishasikia nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume huzunguka mbuyu kwanza. Wanauliza kidonda kilichukua muda gani, mpira wa mkojo ulitolewa lini, nilirudi lini kazini. Mwishoni sauti ikishuka ndipo linakuja swali lenyewe: "Kaka, na kule... bado unaweza?" Nataka kulijibu hapa waziwazi. Kwetu jambo hili husemwa kwa mafumbo tu, jogoo kapanda mtungi au hajapanda, na mafumbo hayamsaidii mtu aliyetoka hospitali jana na haelewi mwili wake umekuwaje.

Jibu ni hili. Baada ya upasuaji uume wangu haukusimama kabisa kwa muda mrefu. Nguvu zikaanza kurudi kidogo kidogo, na mpaka leo hazijawa kama za zamani. Lakini unyumba wetu uko hai, na kilichouweka hai ni kwamba mimi na mke wangu hatukungoja uume usimame ndipo tugusane. Mengine yote, vidonge, mazoezi, vifaa, yalikuja juu ya msingi huo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia upasuaji upi, maana "kufanyiwa tezi dume" mtaani hubeba mambo mengi. Kuna tezi inayovimba tu kwa sababu ya umri, bila saratani. Hiyo mara nyingi hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, na wengi waliokwanguliwa husimamisha kama kawaida, ila manii hurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka. Kuna walioondolewa korodani au wanaochomwa sindano za kushusha homoni kwa sababu saratani imeshasambaa. Kwao hata hamu yenyewe hupungua, na hao wanahitaji makala yao. Mimi saratani ilikutwa mapema, ikaondolewa tezi nzima pamoja na vifuko vya manii.

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Pembeni mwake, kulia na kushoto, imepita mishipa ya fahamu myembamba sana inayoupa uume amri ya kujaa damu. Zamani aliyeondolewa tezi nzima alikuwa karibu na hakika ya kupoteza nguvu. Mwaka 1982 daktari Patrick Walsh wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alifanya upasuaji wa kwanza wa kuinusuru mishipa hiyo kwa makusudi. Ni Johns Hopkins hiyohiyo ambako Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji Novemba 2014, na aliporudi akawaambia Watanzania kwamba ilikuwa saratani ya tezi dume. Kwangu lile lilikuwa jambo kubwa. Mkuu wa nchi, mwanamume mtu mzima, analitaja hadharani bila kulifunika. Wanaume wa rika langu tulianza kulizungumza vijiweni baada ya pale.

Hata hivyo mishipa kunusurika si kupona siku hiyohiyo. Wakati wa upasuaji huvutwa na kubanwa, kisha huduwaa, na inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili kuamka. Na kama saratani iliisogelea, daktari akalazimika kuiondoa pande zote mbili, vidonge peke yake kwa kawaida havitoshi. Kwa hiyo muulize daktari wako bila kuona haya: mishipa yangu ilibaki pande mbili, upande mmoja, au haikubaki? Wa kwangu alinieleza vizuri sana habari za damu, kibofu na mpira. Kuhusu unyumba alisema sentensi moja akiwa ameshashika faili la mgonjwa mwingine. Swali hilo niliuliza mwenyewe, kliniki iliyofuata, na jibu lilinipunguzia hofu nyingi kwa sababu nilijua nasubiri nini.

Kuna jambo lililonishangaza ambalo sikuwa nimeambiwa na yeyote. Hamu ilikuwepo. Na kilele kilikuwepo pia, hata uume ukiwa umelala. Hisia ile husafiri kwa mishipa mingine. Manii hayatoki tena, kwa kuwa viungo vinavyotengeneza majimaji yake vimeondoka, na ndiyo maana mwanamume ambaye bado anataka mtoto inabidi aulize habari za kuhifadhi mbegu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Wakati mwingine mkojo kidogo hutoka wakati wa kilele. Hilo huwatia wengi aibu ya kufa. Dawa yake ni kwenda kukojoa kwanza na kutandika taulo. Mke akielezwa mapema, hashtuki.

Sasa nije kwa mke, maana hapa ndipo nyumba nyingi huvunjikia. Mwanamume akiona hakuna kitu, huacha kila kitu. Haachi tendo tu, anaacha hata kumshika mkono, anaogopa akimgusa mwenzake atategemea jambo ambalo hawezi kulitoa. Anaanza kuangalia mechi za mpira kwenye runinga mpaka usiku wa manane, anaingia chumbani mke akiwa ameshalala. Nimewasikia wengi kwenye mabenchi ya kliniki wakielezea hivyo. Na mke naye, akiwa upande wa pili wa kitanda, ana hesabu zake.

Jioni moja mke wangu alikuwa ananipaka mafuta mgongoni. Mkono wake ulishuka hadi kiunoni, ukarudi juu haraka kama aliyegusa jiko. Nikamuuliza, "Mbona umetoa mkono?" Akanyamaza, kisha akasema, "Naogopa kukutonesha, baba watoto. Na naogopa utaona kama nakudai." Nikageuka tukakaa kitandani. Umeme ukakatika, tukaendelea kuongea gizani, na nadhani lile giza lilitusaidia. Aliniambia kuna siku aliwaza kwamba labda nimemchoka, mwili wake umezeeka. Nikamwambia hamu ninayo, na ni yeye ninayemtamani, ila mishipa bado haijaamka. Usiku ule tulikubaliana kwamba tendo lenyewe tuliweke kando kwa muda, lakini kukumbatiana, kukandana, kuoga pamoja, kubembelezana kwa mikono na midomo, hayo yasikatike hata wiki moja.

Makubaliano yale yaliniondolea mtihani. Kila nilipomgusa sikuwa naingia chumba cha mitihani kuona kama nitafaulu. Na yeye alipata raha yake, jambo ambalo wanaume tunalisahau: mwanamke anaweza kuridhika vizuri bila uume kuingia. Kama naye ameshakoma hedhi, huenda ana ukavu na maumivu ambayo hajayasema, kwa hiyo jeli ya kulainisha iwepo, iliyotengenezwa kwa maji, si mafuta ya nazi ya jikoni kama mnatumia kondomu, maana mafuta huharibu mpira wake.

Vidonge daktari aliniandikia baada ya mpira kutolewa na kidonda kufunga. Sildenafili hunywewa kama saa moja kabla, na hufanya kazi kwa saa nne hivi. Ukiinywa umetoka kushiba pilau ya nyama ya mafuta, itachelewa na kufifia. Tadalafili haisumbuliwi sana na chakula na hudumu hata saa 36. Zote mbili hazisimamishi uume zenyewe. Bila kubembelezana hakuna kitakachotokea, na wengi hunywa kisha wakakaa wanaangalia saa. Jaribio la kwanza likishindwa usizitupe. Lakini sikiliza hili kwa makini: kama unatumia dawa za moyo za jamii ya nitrati, zile ambazo nyingine huwekwa chini ya ulimi kifua kikibana, usiguse vidonge hivi kabisa. Presha inaweza kushuka hadi kukuua. Usinunue kwa minong'ono kwenye duka la dawa. Mwambie daktari kila dawa unayomeza.

Na vumbi la Kongo, mkuyati na vifuko vya vituo vya mabasi naomba uviache. Dawa za mitishamba za namna hii hukutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili kwa kipimo kisichojulikana. Mwenye presha au kisukari anacheza na roho yake.

Vidonge vikigoma, njia bado zipo. Kuna pampu, silinda ya plastiki inayovuta hewa ili damu iingie kwenye uume, kisha unavalishwa pete ya mpira kwenye shina ili damu isirudi. Pete hiyo isizidi nusu saa. Sisi tulikuwa nayo. Mwanzoni inaonekana kama kifaa cha gereji, lakini mke wangu ndiye aliyekuwa akiipampu, na ikawa sehemu ya mapenzi yenyewe. Kuna sindano ndogo inayochomwa ubavuni mwa uume, ambayo hufanya kazi hata kama mishipa ya fahamu haipo. Kipimo cha kwanza kifanyike mbele ya daktari, na uume ukisimama zaidi ya saa nne ukimbie hospitali, kwa sababu misuli ya ndani huanza kufa. Na kuna kipandikizi, kifaa kinachowekwa ndani ya uume kwa upasuaji, kwa aliyejaribu mengine yote. Ni ghali, na kikishawekwa hakuna kurudi nyuma.

Mazoezi ya nyonga nilianza kwa ajili ya mkojo: unakaza misuli ile unayotumia kukata mkojo, unahesabu hadi tano, unaachia. Usiyafanye mpira wa mkojo ukiwa bado ndani. Tembea. Sigara acha, hiyo huziba mishipa ya damu midogo kabla ya mingine yote. Na ukiona siku zinapita hutaki kuamka, chakula hakina ladha, hilo nalo lipelekwe kwa daktari kama ugonjwa mwingine.

Kama tarehe yako ya upasuaji imeshapangwa, nenda kliniki na mkeo. Mkae wote wawili mbele ya daktari, umuulize kama anatarajia kuinusuru mishipa, ni lini mtaanza dawa za kusaidia, na nani katika hospitali ile anashughulikia unyumba baada ya upasuaji. Akijibu haraka haraka, mwache mkeo aulize tena. Wa kwangu aliuliza, na daktari akaweka kalamu chini.