Viti viwili, hema moja na lita 130 za buti

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu na mkewe wanaweza kuivuka Ulaya kwa gari la michezo la viti viwili huku wakilala hemani? Na kama wanaweza, wabebe nini, waache nini?

Wanaweza, tena vizuri. Kinachokwamisha safari ya namna hii ni nafasi na uzito. Nguvu ya injini ipo ya kutosha. Nitatumia mfano wa Mazda MX-5, toleo la ND lililotoka 2015, kwa kuwa ni jepesi, limeenea Ulaya nzima, na anayeweza kupanga mizigo ndani yake ataweza kwenye gari lolote la aina hiyo.

Buti la ND lina lita 130, sawa na ndoo sita na nusu za lita 20. Ni refu kwenda chini lakini mdomo wake ni mwembamba, kwa hiyo sanduku gumu la magurudumu ama halipiti, ama linapita na kuacha pembe tupu zisizotumika. Chukueni mifuko laini, na iwe mingi midogo kuliko miwili mikubwa. ND ina jambo moja jema sana: paa lake la turubai hujikunja nyuma ya viti, si ndani ya buti. Mnaweza kujaza buti hadi juu na bado mkaendesha paa likiwa wazi. Magari ambayo paa la chuma hujikunja ndani ya buti hayatoi nafasi hiyo, na wengi hugundua siku ya kwanza ya jua, mizigo ikiwa imeshapangwa.

Hema lichaguliwe kwa urefu wake likiwa limefungwa, maana hema la kilo mbili lenye nguzo za sentimita 60 litawasumbua zaidi kuliko la kilo tatu lenye nguzo za sentimita 45. La watu wawili, lenye vitambaa viwili, cha ndani na cha nje, linatosha. Vigingi vyembamba vya alumini vinavyokuja nalo hupinda kwenye ardhi ya mawe ya Alps. Ongezeni kumi vya chuma, vinene kama misumari mikubwa. Magodoro ya kupuliza yana kipimo cha kuzuia baridi kiitwacho R. Tafuteni R ya 3 au zaidi hata kama ni Julai. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mnazopanda, na mwili hupoteza joto zaidi kwa chini kuliko kwa juu, hivyo mfuko mzuri wa kulalia juu ya godoro baya haufai kitu.

Upangaji uanzie chini. Mifuko ya kulalia iliyobanwa iende kwenye pembe za ndani kabisa, kwa sababu hufuata umbo la mahali ilipo. Vitu vizito, yaani jiko, sufuria, maji na vifaa vya gari, vikae sakafuni na karibu na viti. Nguo, mfuko mmoja wa lita 20 kwa kila mtu. Hema liwe la mwisho kuingia, maana ndilo la kwanza kutoka, hasa mkifika mvua inanyesha. Fanyeni zoezi hili nyumbani mara mbili kabla ya siku ya safari. Kile ambacho hakikuingia mara zote mbili kibaki.

Uzito nao una hesabu yake. Kwenye kadi ya usajili ya nchi za Umoja wa Ulaya, F.2 ni uzito wa juu unaoruhusiwa na G ni uzito wa gari. Toeni G kwenye F.2 mpate mnachoweza kubeba. Watu wengi hukosea hapa kwa kusahau kwamba G tayari imemhesabu dereva wa kilo 75. Kwa hiyo tofauti hiyo ni ya abiria na mizigo tu.

Keria ya juu ya buti husaidia, ila ina masharti. Hushikwa kwa mikanda yenye ndoano zinazoshika kingo za mfuniko wa buti, na miguu yake ya mpira hukaa juu ya rangi. Vumbi likibaki chini ya mipira hiyo, gari likitikisika siku nzima rangi husagwa kama kwa msasa. Futeni mfuniko kwa kitambaa chenye unyevu, futeni na mipira, ndipo mfunge. Na kila jioni rudieni. Mikanda ikazwe tena baada ya kilomita 20 za kwanza kwa sababu hulegea ikishakaa. Wekeni juu vitu vyepesi tu kama magodoro na nguo, angalieni kikomo cha kilo kilichoandikwa na mtengenezaji, na hakikisheni taa ya tatu ya breki haifunikwi.

Sasa breki, ambazo ningependa kila msomaji azichukulie kwa uzito. Stelvio, njia ya kuvukia milima nchini Italia, inafika mita 2,757, na upande wa kijiji cha Prad pekee una kona 48 za kugeuka nyuma. Kushuka hapo na gari lililojaa ni kugeuza kimo chote mnachoshuka kuwa joto. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita: ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishavuta maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubanwa, ndipo pedeli inapoanza kuzama chini ya mguu. Kama yamefikisha miaka miwili, yabadilishwe kabla ya safari. Mkishuka, tumieni gia ya pili na muiache injini ishike gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha iachiwe; mguu unaokaa juu ya pedeli mteremko mzima ndio unaounguza. Mkisikia harufu au pedeli ikalegea, simameni penye nafasi kwa nusu saa. Mkiegesha, wekeni gia wala msivute hendibreki, kwani pedi zikibanwa kwenye diski ya moto joto hukusanyika sehemu moja.

Matairi: ND haina tairi la akiba. Inakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo ina tarehe ya mwisho, na haizibi tundu la ubavuni. Bebeni pia vifaa vya kuziba pancha kwa uzi wa mpira, na jambo linalosahaulika kuliko yote, soketi ya nati za usalama, zile za kuzuia rimu zisiibwe. Bila hiyo hakuna fundi wa kijijini atakayevua rimu.

Kuhusu njia, ushauri wangu ni kutotaka kuona Ulaya yote. Barabara za milimani hutoa wastani wa kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo kilomita 200 ni siku nzima. Njia moja nzuri kwa wiki mbili huanzia Andermatt, Uswisi, mkazunguke kwanza njia za milimani za Furka (mita 2,429) na Grimsel (2,164), kisha mwelekee mashariki kupitia Oberalp na Flüela hadi Zernez, mvuke Ofenpass hadi Prad, mpande Stelvio, halafu milima ya Dolomites, na kutoka Lienz, Austria, mpande Grossglockner, barabara ya kilomita 48 iliyofunguliwa 1935. Malizieni Slovenia kwa njia ya mlimani ya Vršič, yenye kona 50 zilizopewa namba. Zile za upande wa Kranjska Gora zimetandazwa mawe, yakilowa huteleza. Nendeni mwishoni mwa Juni au nusu ya kwanza ya Septemba. Mapema zaidi baadhi ya vilele huwa bado vina theluji, na Agosti kambi hujaa. Tangi la lita 45 kwa matumizi ya lita 7 kwa kilomita 100 linawafikisha kilomita 550 na bado linabaki na akiba, lakini milimani jazeni likifika nusu.

Ushuru wa barabara kuu hutofautiana. Uswisi huuza kibali cha mwaka tu, faranga 40. Austria ina cha siku 10, na Grossglockner hulipwa pembeni. Slovenia ina cha wiki, na gari fupi kama hili huingia kundi la 2A, la magari ambayo kimo juu ya ekseli ya mbele hakifiki mita 1.3. Italia hulipiwa getini, na wanaotoka Uingereza na usukani wa kulia wajue kwamba abiria ndiye atakayelipa. Katikati ya miji mingi ya Italia kuna maeneo yaitwayo ZTL, ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia. Kamera husoma namba ya gari na faini huwafuata nyumbani.

Msisimamishe hema popote mnapopapenda. Ndani ya hifadhi ya Triglav, Slovenia, ni marufuku nje ya kambi rasmi, na Italia, Austria na Uswisi zina makatazo yao mengi. Fikeni kambini kabla ya saa 7 mchana au baada ya saa 9 alasiri, maana kambi nyingi hufunga geti kwa magari wakati wa mapumziko ya mchana. Kwenye njia za kokoto na matuta, pandeni kwa pembeni, gurudumu moja baada ya jingine. Gari lililojaa hukaa chini zaidi na mdomo wake wa mbele hukwaruza kwanza.

Asubuhi hema litakuwa na umande hata kama haikunyesha. Kung'uteni kitambaa cha nje, kiingie mfuko wake usiopitisha maji, na kisikae pamoja na mifuko ya kulalia. Mchana mkisimama kula, kitandazeni juani dakika 20. Paa la gari nalo lisikunjwe likiwa limelowa, litaota ukungu.

Kwa jiko, mitungi ya gesi ya kuzungusha hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya milimani, lakini supamaketi za Ufaransa huweka zaidi ile ya kubofya ya Campingaz, hivyo adapta ni muhimu. Butani tupu hugoma karibu na nyuzi 0; chagueni iliyochanganywa na propani. Mtungi usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, kikomo chake ni nyuzi 50. Na ugali uacheni mpaka mrudi: jiko linalokaa juu ya mtungi halihimili mwiko, hupinduka. Wali, tambi na dengu nyekundu zinazoiva kwa dakika 15 zinafaa.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda wanaoishi Uingereza wanahitaji viza ya Schengen. Wenye kibali cha kuishi Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen hawaihitaji kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Ombi hupelekwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, pamoja na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Gari likiwa la kukodi, mpate kwa maandishi ruhusa ya kila nchi mtakayoingia, Slovenia ikiwemo, na majina ya madereva wote wawili yawe kwenye mkataba. Vizibao vya kuakisi mwanga, viwili, vikae nyuma ya viti na si kwenye buti, kwa sababu Ufaransa na Austria hutaka mvivae gari likikwama njiani, kabla ya kuanza kutembea barabarani.