Kabla Hujabonyeza "Omba" Tena

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja katika kazi hii ya kuhakiki vitabu alinitumia picha ya skrini, furaha imemjaa. Wachapishaji wamemkubalia nakala za bure za vitabu 14 ambavyo bado havijatoka, ili avihakiki, kwa usiku mmoja. Kumi na vinne! Nikamuuliza kitu kimoja tu: vinatoka lini? Kimya. Nusu saa baadaye akajibu, "Dada, kumbe tisa vinatoka Jumanne moja."

Sikumcheka. Haya, nilimcheka kidogo. Lakini mimi ni nani wa kumcheka mtu, wakati niliwahi kuwa na vitabu 63 kwenye rafu ya NetGalley, ile tovuti ya kuombea nakala hizo, achilia mbali vya Edelweiss, tovuti nyingine kama hiyo, na zile prufu za karatasi (nakala za kabla ya masahihisho ya mwisho) zilizopangwa ukutani mpaka zikaanza kuegemeana kama walevi? Kwa hiyo nawaandikia ninyi mlioingia majuzi. Nawapenda, na mnanichosha.

1. Vihesabu.

Mwenye viporo, yaani vitabu alivyokubaliwa na hajavihakiki, hapendi kuvihesabu, ndiyo maana vinazidi. Chukua daftari uandike kila kitabu ulichokubaliwa: jina, tarehe ya kutoka, tarehe ya kuondolewa kwenye tovuti, na umefika ukurasa wa ngapi. Ukweli, siyo unavyokumbuka.

Mimi nilipohesabu nilikuta nimekubaliwa 63 na nimetoa mrejesho kwa 22. Asilimia 35. NetGalley wenyewe wanapendekeza 80. Kufika huko nilihitaji mapitio mengine 29, na mimi nikijikaza nasoma vitabu viwili kwa wiki. Yaani miezi mitatu na nusu, kwa sharti kwamba nisiombe kitabu kingine hata kimoja. Jioni ileile niliyopiga hesabu hii niliomba viwili. Nilijiambia ni vifupi.

Hapo ndipo tatizo lilipo, wadogo zangu. Mnaniuliza mbinu za kusoma haraka, na mimi nawaambia kiporo hakizaliwi kwenye kusoma, kinazaliwa kwenye kuomba. Nakala hizi hutolewa miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, kwa sababu majarida ya wauza vitabu na wakutubi, kina Publishers Weekly na Kirkus, yanataka kuziona miezi mitatu au zaidi kabla. Siku unayoomba, tarehe ya kutoka iko mbali kama sikukuu ya mwakani, na mtu akiahidi jambo la mwakani huwa mkarimu sana.

2. Panga kwa tarehe ya kutoka, siyo kwa hamu wala kwa aibu.

Vitabu vingi Marekani hutoka Jumanne, Uingereza Alhamisi, na ikifika Septemba na Oktoba ni mafuriko. Ndiyo maana mtu anaweza kujikuta na tisa kwa siku moja bila kujua. Ambacho hakijatoka kinatangulia ambacho kimeshatoka, basi.

Wengi wenu mnafanya kinyume. Mnaanza na kikongwe kuliko vyote kwa sababu kinawatazama vibaya. Wakati unakiomba radhi kitabu cha mwaka juzi, cha mwezi huu nacho kinachelewa. Unapasha kiporo cha zamani huku unapika kipya.

3. Soma ukurasa wa kwanza. Namaanisha ule mnaouruka.

Hapa kaeni vizuri.

Mwaka ule wa vitabu 63 niliamua kumaliza kwa kishindo. Nikajitangazia wiki mbili za kufyeka: kitabu kimoja kwa siku, mapitio usiku huohuo, kesho kingine. Siku ya tisa nikafika kwenye riwaya ya mwandishi ambaye simtaji, na ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Faili nilikuwa nimelipakua miezi minane nyuma, na kitabu chenyewe kilikuwa madukani kwa karibu miezi mitatu. Nilikuwa nimechoka, na tayari nilikuwa msomaji mbaya. Anayesoma ili amalize huanza kutafuta sababu za kukichukia kitabu, maana lawama huandikika upesi kuliko sifa.

Sababu nikazipata. Ukurasa wa 41 mtoto ana miaka 7. Ukurasa wa 58, jioni ya siku hiyohiyo, ana miaka 9. Sura ya 19 inakatika katikati ya sentensi, ya 20 inaanza kama vile hakijatokea kitu. Na pale ilipotakiwa kuwepo barua ya baba, barua ambayo riwaya nzima inaingoja, palikuwa na herufi mbili tu: TK.

Aliyewahi kukaa na wahariri wa Kiingereza anajua kwamba TK ni alama yao ya "hapa kuna kitu kinakuja". Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua kabisa! Lakini saa sita na nusu usiku, siku ya tisa ya kufyeka, niliandika kwamba mwandishi "ameikwepa barua yake mwenyewe kwa mbwembwe za majaribio". Nikaipenda hiyo sentensi. Nikajisomea kwa sauti. Nikatoa nyota mbili, nikanukuu kosa la umri neno kwa neno pamoja na namba za kurasa ili mtu asije akasema nasingizia, nikabandika Goodreads, mtandao wa wasomaji, na Amazon, nikaenda kulala na amani ya mtu aliyepunguza kiporo kimoja.

Siku nne baadaye ikaja barua pepe kutoka kwa dada wa uenezi wa yule mchapishaji. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinishukuru kwa muda wangu, akaambatanisha picha za kurasa tatu za kitabu kilichochapwa. Kwenye ya kwanza, jioni ileile, mtoto bado ana miaka 7. Mbili zilizobaki zilikuwa barua ya baba. Niliisoma nimesimama, mswaki mdomoni, mpaka povu likanidondokea kwenye simu. Ilikuwa barua nzuri mno. Baba haombi msamaha. Anaeleza tu namna ya kufunga geti la nyuma ambalo huwa linakwama, hatua kwa hatua, na ukimaliza unajua kila kitu alichoshindwa kusema. Mwisho wa barua pepe yule dada alikuwa ameandika: "Labda ulisoma nakala ya awali?"

Labda!

Nikalifungua faili. Ukurasa wa kwanza, kabla hata ya jina la kitabu, kwa herufi kubwa: hii ni prufu ambayo haijasahihishwa, usinukuu bila kulinganisha na kitabu kilichokamilika. Na chini ya kila ukurasa, kwa rangi ya kijivu iliyopauka, jina langu na anwani yangu ya barua pepe, alama ya kwamba nakala ile nilikabidhiwa mimi. Kurasa 312. Nimeonywa mara moja na kuitwa jina mara 312.

Nilifuta mapitio yale asubuhi hiyohiyo. Lakini kufuta ni nini? Watu walikuwa wameshayapenda, na mmoja alikuwa ameichukua sentensi yangu ya mbwembwe akaitia kwenye mapitio yake, yeye ambaye nina uhakika kitabu hakukigusa. Nilimwandikia, hakujibu. Sentensi bado ipo, na mwandiko ni wangu. Nikanunua kitabu, nikakisoma upya taratibu, nikaandika mapitio mengine na kueleza wazi nilichofanya. Nyota nne. (Ningetoa tano, ila sura ya 19 hata baada ya kukamilika bado inaishia vibaya. Nisameheni, hiyo ndiyo kweli.) Yule dada wa uenezi alinijibu kwa neno moja, "Asante", na nilistahili hilo moja.

Mwandishi mwenyewe sikuwahi kumwandikia. Sikujua nimwambie nini ambacho kisingekuwa kumtwisha kazi ya kunifariji.

Kwa hiyo: kosa la chapa, umri unaoyumba, ramani isiyokuwepo, kurasa zilizorudiwa, hayo unamwandikia mchapishaji faraghani, na akiyapata mapema atakushukuru. Kwenye mapitio hayaingii. Ukitaka kunukuu na kitabu kimeshatoka, tafuta kilichokamilika, hata kama ni kuazima maktaba au kupakua ile sampuli ya bure ya sura za mwanzo. Kama hakijatoka, eleza kwa maneno yako. Na ukikutana na TK, tafadhali, ni TK.

4. Sema kwamba ulipewa bure.

Sentensi moja, juu kabisa, siyo chini baada ya salamu. Marekani miongozo ya FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, inatugusa sisi wa mtandaoni tangu 2009. Amazon nao, walipopiga marufuku mapitio ya bidhaa za kupewa bure mwaka 2016, waliviacha vitabu, mradi anayekupa asidai mapitio kama malipo. Huo ni mlango tulioachiwa, msije mkautia teke.

5. Kuacha kitabu siyo dhambi, kunyamaza ndiyo tabu.

Mimi hukipa sura tatu. Kikinishinda nasema. NetGalley kuna mahali pa kumwambia mchapishaji kwamba hutatoa mrejesho na kwa nini. Kwa prufu ya karatasi unatuma barua pepe ya mistari miwili.

Niliwahi kubeba bunda moja la kurasa zaidi ya 700, mazimwi na nasaba za wafalme, kwa miezi sita nzima. Nimelihamisha kutoka kitandani kwenda mezani, mezani kwenda kwenye begi, begini kurudi kitandani. Nilikuwa namkwepa aliyenitumia kama mtu mwenye deni. Siku moja nikajipa moyo, nikaandika kwamba halikunifaa na kwamba naona linamfaa msomaji wa aina fulani. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kujuta: asante kwa kutuambia, je, tukuandike kwa vitabu vya aina hiyo au tukutoe? Kumbe miezi sita nilikuwa naogopa swali la kujaza fomu.

Ila jamani, kuacha siyo kuhakiki. Ukiishia sura ya tatu usitoe nyota kwa kitabu kizima. Kuna mmoja wenu, anajijua, alisifia "mwisho wenye matumaini" wa riwaya ambayo mwisho wake nyumba inaungua na wote wamo ndani.

6. Andika maelezo ukiwa unasoma, mistari mitano kila unapofunga kitabu. Ukisoma riwaya tatu za kusisimua mfululizo, wapelelezi wote watakuwa mtu mmoja, mlevi, ametalikiwa.

7. Pakua siku unayokubaliwa. Kitabu kikishaondolewa huwezi tena kukipakua, ingawa mrejesho bado unaweza kuutuma.

8. Prufu ya karatasi haiuzwi. Imeandikwa kwenye jalada. Siyo ya duka la mitumba, wala siyo ya kuchangia rafu ya maktaba ambako mtu atakutana na TK yake bila kuonywa. Mpe rafiki, au ichane uifungie vyombo.

9. Vile ambavyo vimeoza kabisa.

Mnaniuliza sana: kitabu kina miaka miwili kwenye rafu, bado nihakiki? Kama bado unakitaka, ndiyo. Mapitio yaliyochelewa yanamfaa mwandishi ambaye wiki zake za kelele zimepita na hakuna tena anayemtaja. Yale ya siku ya kutoka yapo mengi, ya mwaka wa pili hayapo. Lakini kama ukitazama jalada tumbo linasokota, mwandikie mchapishaji sentensi mbili ukiache kitabu kiende. Kati ya vile 41 vilivyokuwa vimebaki kwangu, 17 niliviaga hivyo mchana mmoja. Niliandika barua zote kwa mkupuo, kila moja na jina lake na sababu yake, maana moja ya kunakili inanuka kunakiliwa. Vitabu 24 vilivyobaki nilivimaliza kwa karibu miezi minne, na katika miezi hiyo niliomba kitabu kimoja tu, kilikuwa na farasi kwenye jalada, mimi kwa farasi sina ujanja.

Jana usiku nilikaa na yule mdogo wangu kwenye simu tukavipitia vyake 14, kimoja kimoja. Vile tisa vya Jumanne moja alitaka vyote. "Dada, huyu namfuata tangu zamani." Huyo baki naye. "Na hiki jalada lake zuri." Jalada utaliona dukani. Tukafika saa tano hivi, akawa amekubali kuacha sita, na barua zote sita ameziandika yeye mwenyewe, fupi, za adabu, sikubadilisha hata nukta. Nikamsifu. Nikamwambia hebu nitumie picha ya rafu sasa nione vinane vyako.

Akatuma. Vilikuwa kumi na kimoja. Vitatu vilikubaliwa tukiwa bado tunaongea.