Re: Kingamwili ya CPT1A haitoi bendi kwenye moyo wa panya

Habari mkuu. Kwa hiyo kwenye western blot yako (kipimo cha kutafuta protini kwenye jeli kwa kingamwili) umepakia maikrogramu 20 za protini ya moyo, kingamwili mpya ya CPT1A (enzaimu inayosaidia mafuta kuingia mitokondria yachomwe), halafu pale kwenye 88 kDa, uzito wa CPT1A, hakuna kitu ila juu kabisa karibu na visima vya jeli kuna uchafu mweusi. Kabla hujamrudishia muuzaji cheki kwanza tishu. CPT1A ndo ile ya ini, moyo na misuli inatumia zaidi ndugu yake CPT1B, A ipo kidogo tu, sasa unamtafuta mtu nyumba ya jirani. Chukua kipande cha ini cha panya huyohuyo pakia pembeni, ikitoka bendi ya 88 basi kingamwili ni nzima na shida ni moyo wako (wa panya namaanisha 😄).

Ule uchafu wa juu nao ulinitesa wiki mbili. Hii enzaimu imekaa kwenye utando wa nje wa mitokondria, imeupenya mara mbili, ukichemsha sampuli nyuzi 95 dakika tano kama tulivyozoea inagandamana haishuki kabisa. Mimi nilishusha hadi 37 nusu saa, DTT (kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa kwenye protini) ileile, bufa ileile, bendi ikatoka safi. Na kama umetenga mitokondria usilinganishe kiasi cha protini na aktini (hiyo ni ya nje ya mitokondria), tumia VDAC, protini ya mitokondria yenyewe.

Kwenye darubini sijawahi kuijaribu kingamwili hii, aliyewahi aongezee. Ukishaweka ini tupia picha hapa tuone.